Jinsi Samaki Anavyopata Mdomo Wake

Sisi tunaokaa Ufipa tumewekwa katikati ya maziwa mawili, ingawa si wengi wanaolifikiri jambo hili. Mji wetu wa Sumbawanga uko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ukifuata njia ya Matai ukateremka upande wa kusini-magharibi, baada ya kilometa zaidi ya 100 utafika Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Ukigeukia mashariki ukashuka ukuta wa Lyamba lya Mfipa, utafika bonde la Ziwa Rukwa. Maziwa haya hayafanani hata kidogo. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na maji maangavu. Rukwa ni bapa kama sahani, maji yake yana magadi, tena hayana njia ya kutokea. Lakini samaki wa huku na huku hupandishwa mlimani, wabichi kwa wakavu, wakakutana katika soko letu.

Nawaomba wasomaji, hasa wanafunzi, siku moja waende sokoni wasitazame bei tu, watazame midomo. Kuhe ana mdomo mkubwa wa kukamatia samaki wenziwe. Perege wa Rukwa ana mdomo mdogo wa kuokota vitu vidogo vidogo. Hawa wawili ni ndugu; wote ni wa jamii moja na furu wa Ziwa Victoria. Katika Ziwa Tanganyika peke yake jamii hii ina aina zipatazo 240, na karibu zote hazionekani mahali pengine popote duniani. Wako wanaokwangua majani ya mawe, wako wanaofyonza uduvi, wako wanaovunja konokono kwa meno ya kooni, na yuko mmoja, nitamtaja baadaye, ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wengine walio hai. Kila mmoja ana mdomo uliofanyizwa kwa kazi yake.

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza darasani: “Mwalimu, yai la samaki ni tone tu. Mdomo unatoka wapi?” Nilimjibu kwa ufupi siku ile, maana kengele ilikuwa imekwisha kulia. Jibu refu ndilo hili. Nasema mapema kwamba halikupatikana kwa mtu mmoja, wala katika nchi moja, wala halijakwisha.

Zamani wataalamu wa Ulaya waligawanyika pande mbili. Wa kwanza walisema kwamba ndani ya mbegu ya uzazi mna kiumbe kamili, mwenye kichwa na miguu, ila ni mdogo mno. Kazi yake ni kutanuka tu. Wa pili walisema kwamba mwanzoni hamna umbo lolote, na viungo hufanyizwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1759 kijana mmoja wa Kijerumani, Caspar Friedrich Wolff, alieleza aliyoyaona katika mayai ya kuku. Mishipa ya damu haikuwako siku za mwanzo. Ilitokea polepole mahali palipokuwa hapana kitu. Watu wakubwa wa wakati wake hawakumkubali upesi. Hata hivyo mtu yeyote mwenye kuku anaweza kujionea mwenyewe. Yai likiatamiwa siku moja, ukilitazama kwa hadubini utaona mfereji mwembamba mgongoni mwa kiinitete; huo ndio utakaokuwa ubongo na neva kuu ya mgongo. Siku ya pili haijaisha, moyo umeanza kupiga, ingawa kichwa chenyewe bado hakijastahili kuitwa kichwa. Siku ya tatu waona nukta nyekundu ikipigapiga, bila hadubini. Siku ya 21 kifaranga anapasua ganda.

Sasa tuutafute mdomo. Mwaka 1868 Wilhelm His, mtu wa Uswisi, aliona katika kiinitete cha kuku kwamba kwenye kingo za ule mfereji wa mgongoni kuna mstari wa seli za peke yake. Mfereji unapojikunja ukawa mrija, seli hizi hubaki juu, kisha huanza safari. Huondoka zikaenda mbali, nyingine kichwani, nyingine ubavuni, kama watu waliohama kijiji. Zinakwenda kufanya nini? Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Vitabu vya wakati ule vilifundisha kwamba kiinitete kina matabaka matatu: la nje hutoa ngozi na neva, la ndani hutoa utumbo, na la kati hutoa mifupa na nyama. Hii ilikuwa kama sheria. Basi katika miaka ya 1890 mwanamke mmoja wa Marekani, Julia Platt, alichunguza salamanda wa majini, mnyama wa ukoo wa chura mwenye mkia. Akaona kwamba gegedu za taya, yaani ile mifupa laini inayotangulia, hazitoki katika tabaka la kati. Zinatoka katika tabaka la nje, zikisafiri kutoka kando ya ule mfereji. Alisema hivyo wazi, na wengi wakampinga kwa sababu alivunja sheria. Alipata shahada ya udaktari huko Freiburg mwaka 1898, lakini kazi ya kufundisha chuo kikuu hakuipata. Akahamia mji mdogo wa Pacific Grove, California, akawa mwanasiasa wa mji ule, na mwaka 1931, akiwa mzee, akachaguliwa kuwa meya wake. Alifariki mwaka 1935. Mimi nikiisoma habari hii huudhika kila mara, si kwa sababu walimbishia, maana kubishana ndiyo kazi ya wataalamu, bali kwa sababu miaka mingi ilipotea ambayo angeweza kuitumia kuendelea na uchunguzi wake.

Ushahidi ulikuja kidogo kidogo, kisha ukaja kwa wingi kutokana na ndege tunayemjua sana, kware. Mwaka 1969 Nicole Le Douarin wa Ufaransa alitambua kwamba seli za kware, zikitiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, hutofautiana na seli za kuku. Hii ni alama ambayo hakuna aliyeitia, iliumbwa nayo. Basi ukichukua seli chache za kando ya mfereji kutoka kiinitete cha kware, ukazipandikiza mahali palepale katika kiinitete cha kuku, unaweza kuzifuata kokote ziendako, kama vile mchungaji anavyomtambua ng'ombe wake mwenye alama katika kundi la jirani. Yeye na wenziwe walizifuata. Walizikuta katika taya, katika mifupa ya uso, katika neva, na katika seli zinazotia rangi ngozi na manyoya. Julia Platt alikuwa amesema kweli.

Mwaka 2003 wataalamu wawili wa California, Richard Schneider na Jill Helms, walifanya jambo ambalo wanafunzi wangu hucheka wakilisikia. Walibadilishana seli hizi kati ya bata na kware. Kiinitete cha bata kilichopewa seli za kware kikatoa mdomo mfupi uliochongoka. Na cha kware kilichopewa seli za bata kikatoa mdomo mpana. Maana yake ni kwamba seli zile haziendi kichwani mikono mitupu zikingojea kuambiwa la kufanya. Zinakwenda na habari zao wenyewe za umbo la mdomo.

Habari hizo zimeandikwa katika jeni. Msidhani kwamba seli ya mdomo ina jeni za mdomo tu, na ya utumbo ina za utumbo tu. John Gurdon wa Uingereza aliliondoa wazo hili kwa kumtumia chura wa Afrika, yule mwenye kucha, ambaye alikuwa amejazana katika maabara kwa kuwa hospitali zilimtumia kupimia mimba. Gurdon alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia katika yai ambalo kiini chake kimeharibiwa, na baadhi ya mayai hayo yakatoa viluwiluwi, hata vyura wazima. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1962. Kwa hiyo kila seli ina kitabu kizima. Ila kila moja husoma kurasa zake. Gurdon alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hii mwaka 2012, pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1962!

Lakini kama kuku, samaki na mtu wana kurasa nyingi zilizo sawa, mbona midomo haifanani? Nitatoa mfano wa jikoni. Mama ana unga wa ulezi, maji na moto. Akitia unga kidogo apata uji. Akitia mwingi na kusonga apata ugali. Hakuna aliyeleta unga mwingine. Kilichobadilika ni kiasi, na wakati wa kutia. Jeni hufanya kazi vivyo hivyo. Iko jeni moja iitwayo bmp4, ambayo kazi yake mojawapo ni kutengeneza kitu ambacho seli moja hukitoa ili kuziambia seli za jirani namna ya kukua, mifupa ikiwamo. Mwaka 2004 watafiti waliochunguza ndege wadogo wa visiwa vya Galápagos walitangaza kwamba wale wenye mdomo mnene wa kuvunjia mbegu ngumu huanza kutumia jeni hii mapema, tena kwa wingi, wakiwa bado katika yai. Walipoongeza kazi ya jeni hiyohiyo katika kiinitete cha kuku, mdomo wake ukanenepa.

Mwaka uliofuata, 2005, habari kama hizo zikatoka kwa samaki wa Ziwa Nyasa. Yuko samaki mmoja wa mawe huko ambaye jina lake la kitaalamu, Labeotropheus fuelleborni, limemhifadhi daktari wa Kijerumani Fülleborn. Huyu ana taya fupi lenye nguvu, la kukwangulia majani yaliyoshikamana na mwamba. Jirani yake ana taya refu jepesi, la kufyonzea. Craig Albertson na wenziwe walipotazama taya hizo zinapofanyizwa, walikuta kwamba mwenye taya la nguvu anatumia bmp4 kwa wingi zaidi. Angalieni jinsi mambo yalivyokutana. Wa kuku walikuwa na vitabu vyao, wa samaki walikuwa na vyao, nao hawakuhudhuria mikutano mimoja. Jeni moja ikawakalisha meza moja.

Hapa yafaa nitaje habari za mama wa perege, kwa kuwa watu wa Rukwa wanamjua kuliko vitabu. Perege wa Rukwa aliandikwa katika elimu ya samaki mwaka 1903, naye ni wa wale ambao jike hulea mdomoni. Akisha kutaga huyakusanya mayai kwa mdomo, akayaweka humo. Yanaanguliwa humo baada ya siku chache, na vitoto hukaa humo wakitumia kiini cha yai kilicho tumboni mwao. Kwa hiyo mdomo mmoja unafanyizwa ndani ya mdomo mwingine. Wavuvi wote wameona perege aliyevuliwa akitema mayai ya manjano katika mtumbwi.

Katika Ziwa Tanganyika yuko ngogo mwenye madoa ambaye ameitambua desturi hii akaigeuza kuwa wizi. Samaki wa jamii ya perege wanapotaga, ngogo huja kwa vurugu akatia mayai yake katikati. Mama huyakusanya yote bila kubagua. Mayai ya ngogo huanguliwa mapema kuliko ya mwenye nyumba, na kitoto cha ngogo kikimaliza kiini chake huanza kuwala watoto wa mama aliyembeba. Mjapani Tetsu Sato aliyaandika haya mwaka 1986. Nayaleta hapa kwa sababu yaonyesha kwamba katika ukuaji saa ni silaha. Nguvu yote ya ngogo ni kutangulia siku chache.

Mpaka hapa msomaji aweza kusema: “Basi mdomo umeandikwa katika jeni, habari imekwisha.” Haijaisha. Huko Jinja, Uganda, palikuwa na kituo cha uchunguzi wa samaki cha Afrika ya Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1947, na katika miaka ya 1950 alifanya kazi huko Humphry Greenwood, mjuzi mkubwa wa furu. Alimchunguza furu mmoja anayevunja konokono. Huyu ana taya la pili kooni, nene, lenye meno bapa kama mawe ya kusagia. Lakini wale waliofugwa na kulishwa chakula laini walikuwa na taya la kooni jembamba, na meno yao yalikuwa membamba pia. Ukoo ni mmoja, chakula ni mbalimbali. Greenwood alitangaza jambo hilo mwaka 1965. Ni kama mikono ya mhunzi na ya karani. Kwa hiyo mdomo hauishii kufanyizwa katika yai. Unaendelea kufanyizwa kila siku samaki anapokula. Jambo hilo lilimtia Greenwood katika taabu ya kazi yake, maana wataalamu walikuwa wakizoea kuzitenga aina za samaki kwa kutazama meno hayohayo.

Sasa ndiye yule mla magamba. Jina lake la kitaalamu ni Perissodus microlepis, na yuko katika Ziwa Tanganyika. Humvizia mwenziwe kwa nyuma, akamng'oa magamba ya ubavuni, akakimbia. Mdomo wake haukunyoka mbele. Wa wengine umepinda kulia, wa wengine kushoto. Mwenye mdomo uliogeukia kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na mwenye wa kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Mjapani Michio Hori, katika kazi ambayo Wajapani waliifanya pamoja na watafiti wa Kongo upande wa Uvira, aliwahesabu samaki hawa mwaka hata mwaka. Mwaka 1993 alieleza kwamba pande mbili hukaribia kuwa nusu kwa nusu, ila hupishana: wa kulia wakizidi, wenye kuwindwa hujilinda zaidi ubavu wa kushoto, basi wa kushoto hupata chakula kuliko wenzao, watoto wao huongezeka, na mzani hugeuka. Hori alidhani kwamba upande wa mdomo hurithiwa kwa jeni moja, kama tunavyofundishana habari za njegere za Mendel.

Maelezo haya yalipendwa mno. Yaliingia katika vitabu vya kufundishia. Baadaye wengine walikwenda kupima tena, upande wa Zambia na katika maabara za Ulaya, Marekani na Japani, na mambo hayakukaa vizuri kama yalivyoandikwa. Wengine walikuta kwamba samaki wengi mdomo wao umepinda kidogo tu, na si rahisi kuwagawa mafungu mawili. Watoto wa wazazi wa upande mmoja hawakutoka kwa hesabu ya Mendel. Yuichi Takeuchi na wenziwe waliwalea na kuwapiga picha za mwendo, wakaona kwamba samaki mchanga hujaribu pande zote mbili kwanza, kisha kwa mazoezi huegemea ule upande ambao mdomo wake una nguvu zaidi. Basi kuna kurithi, na kuna kujizoeza, na jinsi hayo mawili yanavyosaidiana bado watu wanashindana. Mwanafunzi mmoja aliona haya ni aibu kwa Hori. Mimi sioni hivyo. Samaki wake walihesabiwa kwa uangalifu, na hesabu ile ndiyo iliyowapa wengine kitu cha kupima.

Nimetaja majina ya Wajerumani, Waamerika, Wafaransa na Wajapani, na msomaji wa Ufipa ana haki ya kuuliza sisi tuko wapi. Tuko mahali pawili. Kwanza, samaki wenyewe ni wetu. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi nyingi walitangaza kwamba wamesoma jeni zote za samaki watano wa jamii ya perege wa Afrika. Mmojawapo hukaa Tanganyika na jina lake limetokana na Burton, yule msafiri Mwingereza. Mwingine ni furu mwekundu wa mawe ya Mwanza, aliyeandikwa mwaka 1985 kwa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 2021 watu wa chuo kikuu cha Basel, Uswisi, baada ya kukusanya samaki Burundi, Tanzania na Zambia, walitangaza uchunguzi wa karibu aina zote za jamii hii zilizomo Tanganyika, jeni zao na midomo yao, ile ya mbele na ile ya kooni. Sisi wenyewe tunayo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa mwaka 1980, ambayo ina kituo Kigoma.

Pili, ziko habari ambazo hazipatikani katika maabara ya Basel wala ya Kyoto. Ni nani anajua kwamba samaki fulani hutokea tu kwenye miamba ile baada ya upepo wa kusi? Ni mvuvi wa pale. Mtafiti hafiki pale bila mtumbwi, na mtumbwi haufiki bila mtu anayejua mahali.

Nataka kusema pia kwamba kazi hii ina haraka. Katika Ziwa Victoria sangara aliyeletwa toka nje aliongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi mno wakatoweka au wakawa adimu. Watafiti wa Kiholanzi waliokuwa Mwanza tangu mwaka 1977 waliwashuhudia wakipungua katika nyavu zao. Wako furu ambao leo wamebaki katika chupa za dawa tu. Katika chupa waweza kupima taya, lakini huwezi kuona linavyofanyizwa, kwa kuwa hakuna yai.

Na hapa kwetu? Mwaka 2024 Serikali ilipumzisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Wazazi wetu wa Kasanga, Kipili, Kirando na Kabwe wanajua miezi ile mitatu ilikuwaje nyumbani, na wengine wametuma watoto wao hapa shuleni kwa fedha za samaki haohao. Mwanafunzi mmoja wa mwambao aliniuliza kama ni kweli samaki wote huzaa kwa namna moja. Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa.

Hawazai kwa namna moja. Dagaa hutaga mayai mengi katika maji wazi; huzama polepole na kuanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili, bila mzazi kuyatazama. Kuhe hutaga chini, na baba na mama hulinda watoto pamoja. Lakini yuko samaki mdogo wa miamba ya Kasanga, Tropheus moorii, ambaye huuzwa ng'ambo kwa uzuri wa rangi yake. Jike wake hutaga mayai makubwa ambayo kwa kawaida hayafiki 20, akayabeba mdomoni pamoja na watoto karibu mwezi mzima. Dagaa akipata miezi mitatu ya utulivu anaweza kuongezeka sana. Kwa jike mwenye watoto 10 mdomoni, kwa maoni yangu, jambo kubwa si mwezi bali ni zana. Kokoro likiburutwa ufukweni huchukua mama na vilivyomo mdomoni, iwe Mei au Desemba, na ndiyo sababu moja ya sheria kulikataza. Mtu akielewa yai linakaa wapi, na kwa siku ngapi, anaweza kuzungumza na mwenziwe juu ya kufunga ziwa bila kelele nyingi.

Kwa ajili hiyo nimeweka daftari katika maabara yetu, juu ya meza iliyo karibu na dirisha. Wanafunzi wanaokwenda likizo mwambao wa Tanganyika au bonde la Rukwa, naomba kila mtakapoona samaki aliyebeba mayai au vitoto mdomoni mwandike tarehe, mahali, jina la samaki kwa Kifipa au kwa lugha ya pale, zana iliyomvua, idadi ya mayai kama mmeweza kuhesabu, na kama mayai yalikuwa bado duara au yamekwisha kuwa na macho. Macho huonekana kama nukta mbili nyeusi. Wazazi walio wavuvi wakituambia waliyoyaona miaka iliyopita tutayaandika pia, katika ukurasa wake mbali, na jina la aliyetoa habari litaandikwa kando yake kama mwenyewe akipenda. Msimuue samaki kwa ajili ya daftari. Wale waliokwisha kuvuliwa watatosha.